Viatu vya Saa Kumi na Mbili

Bibi Haykanush hakusali na kandambili.
Alikuwa na jozi moja nyeusi, ya kamba,
iliyojua njia ya kanisani na ya mazikoni tu,
na kila alfajiri, hatua nne za sakafu ya chuma
kutoka kitandani hadi dirisha la mashariki.

Tuliishi ndani ya kontena, sisi watu wa Gyumri,
tangu ardhi ilipotikisika ikameza ghorofa letu.
Miaka miwili tu, serikali ikasema.
Mimi nilizaliwa humo. Nikaota meno humo, yakang'oka, yakaota mengine.
Januari barafu ilishika ukuta kwa ndani
nikaandika jina langu kwa ukucha.

Chini ya mablanketi matatu nilimsikia
akivunja barafu ya ndoo kwa kikombe,
akinawa, akitweta kwa baridi,
akifunga leso, akifunga vifungo vya koti hadi shingoni,
halafu zile kamba, kushoto, kulia,
vidole vya baridi yabisi vikitafuta matundu gizani.
Dakika saba. Nilizihesabu.
Sala yenyewe ilikuwa fupi kuliko viatu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na mdomo mrefu.
"Bibi, Mungu haangalii miguu, anaangalia moyo.
Salia kitandani, kuna joto."
Hakunikemea. Alivuta kamba ya kulia.
"Akija mkaguzi wa umeme navaa viatu," akasema.
"Wa umeme, Nazeli. Ambaye hata balbu hakuiumba."

Basi.

Akasimama, akakusanya vidole vitatu,
akafanya ishara ya msalaba polepole
kama fundi anayepima kitambaa cha watu.
Kisha kimya, kabla ya neno la kwanza.
Hicho kimya ndicho nilichokiogopa.
Kuni zilikuwa zikialika jikoni, mbwa wa Tsolak akibweka nje,
lakini pale aliposimama palitulia
kama sebule ambayo mwenyewe ameingia sasa hivi
na bado hajaketi.
Nilijikuta nimeacha kutafuna.

*Baba yetu,* akasema,
na hilo "yetu" hakuliharakisha.

Nikakua. Nikapata kazi kwenye kiwanda cha soksi.
Nikasali nikitembea, nikisali nikingoja maji yachemke,
nikisali na mswaki mdomoni, amina na povu.
Sisemi kwamba hakunisikia.
Nasema nilizungumza Naye
kama mtu anayenunua viazi huku jicho liko kwa basi lake.

Mwaka ule Bibi alipopooza upande wa kushoto
tulikuwa tumeshapewa nyumba, ukuta wa mawe, mabomba ya moto.
Hatua nne zikawa safari ya mbali.
Asubuhi ya kwanza nikamgeuza kichwa kuelekea dirishani,
nikamfunga leso, nikadhani nimemaliza.

"Nazeli." Kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki. "Viatu."

"Bibi, shuka ni nyeupe."

Alinitazama tu.

Nikavileta. Nikapiga magoti,
mimi ambaye sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini,
nikamvisha wa kulia, kisha wa kushoto,
mguu ule usiohisi kitu,
na kamba zake nikazikaza kwa upole
kana kwamba ungelalamika.
Saa ya ukutani ikanisuta: dakika saba, hata kwangu,
mwenye vidole vizima.

Akaanza. Maneno yalitoka yamepinda, yakiburuta mguu,
lakini kile kimya cha mwanzo kilitoka kizima.
Sikuthubutu kuinuka.
Uso wangu ulikuwa usawa wa soli zake,
soli safi, zisizokwenda popote,
zimeelekea mashariki.

Kiwi iliacha doa kwenye shuka.
Nimelifua mara mbili. Ya tatu nimeliacha.